Taa Nyekundu Kwenye Kona za Soni

Ilianza kuwaka walipoiacha Soni nyuma. Gari lilikuwa linateremka kutoka Lushoto kwenda Mombo, gia namba mbili, mkono mmoja ukuta wa mlima, mkono wa pili vilele vya migomba iliyoota chini kabisa bondeni. Kila barabara ilipokata kulia, taa nyekundu kwenye dashibodi ilifumbua jicho kwa sekunde mbili hivi, kisha ikazima. Kwenye kona za kushoto ilinyamaza.

Mama alikuwa kiti cha mbele, kapu la mapeasi na plamu mapajani. Aliitazama ile taa kona tatu mfululizo bila kusema neno. Ya nne akauliza, "Hiyo inamkonyeza nani, mwanangu? Mimi au wewe?"

"Ni pedi tu, mama. Zinaanza kuisha."

Jibu lilimtoka bila kufikiri, tena kwa sauti ya mtu anayejua. Dereva, ambaye ndiye mwandishi wa kumbukumbu hizi, ni mwalimu wa fizikia wa sekondari. Miaka mingi amechora mfumo wa breki ubaoni: pistoni ndogo huku, pistoni kubwa kule, mishale inayoonyesha msukumo ukisafiri ndani ya kimiminika, na jina la Blaise Pascal juu likipigiwa mstari. Pedi za gari lile zilikuwa na miezi minne tu tangu zifungwe. Hata hilo halikumjia.

Kilichomponza ni kwamba mara ya kwanza taa ile ilipowaka, kweli zilikuwa pedi.

Gari lenyewe ni Toyota Corolla ya kizazi cha E110, ile ambayo mtaani huitwa "Corolla 110" na ambayo ilianza kuuzwa Japani mwaka 1995. La mwalimu lilitoka kiwandani mwaka 1998: injini ya sisi 1,500, diski mbele, dramu nyuma, hendibreki ya kuvuta katikati ya viti. Kwao Japani gari la umri huo hupelekwa kwenye ukaguzi uitwao shaken kila baada ya miaka miwili, na breki hupimwa kwa mashine. Likishavuka bahari, mkaguzi wake mkuu anakuwa sikio la dereva. Trafiki barabarani atatazama tairi, vioo, taa za nje na stika. Ni nadra sana kumwona akiinama dirishani kusoma dashibodi.

Mara hiyo ya kwanza ilikuwa asubuhi moja kwenye foleni ya Ubungo. Taa iliwaka kila alipokanyaga breki, ikazima alipoachia. Mwalimu akafanya ambalo karibu kila mtu hulifanya: akavuta hendibreki juu, akaishusha, akaivuta tena, akaishusha kwa nguvu zaidi. Wengi huiita "taa ya hendibreki", na jina hilo ndilo huwapoteza. Mtu akishahakikisha mkono uko chini huona amemaliza kazi yake. Taa ikiendelea kuwaka, basi taa ndiyo mbovu.

Jioni akapita kwa fundi wa mtaani anayefanyia kazi chini ya mwarobaini. Kijana akafungua boneti, akakitikisa kile kikopo cha plastiki kinachokaa juu ya masta silinda, akasema, "Oili imeshuka, bosi." Akamimina DOT 3 hadi mstari wa juu. Taa ikazima pale pale. Mwalimu akalipa, akashukuru, akaondoka na moyo mweupe.

Kijana hakudanganya. Oili ilikuwa imeshuka kweli. Ndani ya kile kikopo mna kiboya kidogo chenye sumaku. Oili ikishuka, kiboya hushuka nayo, sumaku inaifunga swichi ndogo iliyo kitakoni, waya unapata ethi, taa inawaka. Oili ikiwa pungufu kidogo tu, kiboya kinabaki kinaelea karibu na mpaka. Hapo ukikanyaga breki au ukikata kona, oili inakimbilia upande mmoja kama maji ya ndoo kichwani, kiboya kinazama kwa muda, taa inakonyeza. Kwa hiyo taa inayokonyeza kwenye kona, au gari linapofunga breki, karibu kila mara inazungumzia kiwango cha oili. Mwalimu hakuyajua hayo siku ile, na fundi hakuhitaji kuyajua ili kuizima.

Swali ambalo hakuna aliyeliuliza chini ya mwarobaini ni hili: oili imekwenda wapi? Oili ya breki haichomwi na injini. Haipungui kwa mvuke kama maji ya rejeta. Imo ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua kwenye kikopo kuna mahali imehamia.

Ilikuwa imehamia nyuma ya pistoni za breki za mbele. Wiki tano baadaye breki zilianza kusaga chuma kwa chuma, sauti ya kukereza inayowafanya watu wa kituo cha daladala wageuke. Magurudumu ya mbele yalipofunguliwa, pedi za upande mmoja zilikuwa zimebaki bati. Pedi mpya nyingi huja na kitambaa cha unene wa milimita 10 hivi, na vitabu vya matengenezo vya magari ya aina hii huruhusu ziishe hadi milimita 1, si zaidi. Kadiri kitambaa kinavyolika, pistoni husogea mbele kuziba pengo, na nafasi inayoachwa nyuma yake hujazwa na oili kutoka kwenye kikopo. Gari halivuji hata tone, na kikopo kinashuka.

Mwalimu aliipiga hesabu baadaye kwenye daftari, kwa aibu. Pistoni yenye kipenyo cha sentimita 5 ina eneo la kama sentimita 20 za mraba. Breki ya aina ile ina pistoni moja tu kila gurudumu, nayo hubeba ulikaji wa pedi zote mbili. Kila pedi ikilika milimita 8, pistoni imesogea milimita 16. Zidisha: sentimita za ujazo 32 kwa gurudumu moja, 64 kwa mawili. Ni vijiko 12 vya chai na ushee. Ukivitoa vijiko 12 kwenye kikopo kile kidogo, kiboya lazima kilalamike. Ilikuwa hesabu ya kidato cha pili, na jawabu lake lilikuwa limeandikwa kwa taa nyekundu mbele ya macho yake asubuhi ile kuanzia Ubungo hadi kazini.

Kisha yakatokea malipo ya ile chupa ya DOT 3. Ili pedi mpya, nene, ziingie, fundi wa pili ilibidi azirudishe pistoni ndani kwa jiriwa. Oili yote iliyokuwa nyuma yake ikarudi ilikotoka, ikakuta kikopo kimeshajazwa hadi mstari wa juu, ikafurika. Oili ya breki inakula rangi. Kufikia kesho yake asubuhi rangi iliyo chini ya masta silinda ilikuwa imevimba na kujikunja kama ngozi ya maziwa yaliyochemka, na doa hilo lipo mpaka leo. Mwalimu huwaonyesha watu.

Kuna mafundi ambao taa hii ikiwasumbua hukata waya wake au huchomoa balbu, na kila mtu mwenye akili huwalaani. Kujazia oili kabla ya kutazama pedi na magurudumu ni kukata waya kwa adabu. Tofauti ni kwamba unapewa na risiti.

Turudi Soni.

"Pedi zipi?" mama aliuliza. "Si ulisema umenunua juzi Gerezani?"

Mwalimu hakuwa na jibu. Akakanyaga breki kidogo ili apunguze mwendo, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba mguu unashuka chini kuliko kawaida. Palikuwa na nafasi pana pembeni, mahali wanapouzia kabichi. Akaegesha. Mama akashuka na kapu lake, akakaa juu ya jiwe, akatamka kwamba yeye harudi ndani ya gari hilo mpaka aone mtu mwenye spana.

Uamuzi huo ndio uliokuwa wa busara kuliko yote ya siku ile. Kutoka pale hadi Mombo barabara inaendelea kuteremka, nyembamba, kona juu ya kona, na mabasi yanapanda yakipiga honi kabla ya kuonekana. Chupa yenye masalio ya DOT 3 ilikuwamo kwenye buti. Angekuwa peke yake mwalimu angejazia, taa ingezima, angeendelea. Anajijua.

Aliinua boneti. Kikopo cha gari la miaka mingi hugeuka rangi ya chai, na mistari ya kiwango haionekani tena kwa kutazama tu. Aliweka taa ya simu nyuma yake, kivuli cha oili kikajitokeza: chini kidogo ya mstari wa chini. Akachungulia kati ya tundu za rimu za mbele. Pedi zilikuwa nene, bado na rangi ya kiwandani. Sasa ile hesabu ya daftarini ikawa inamshitaki kwa upande mwingine. Kama pedi hazijalika, oili haikuhamia nyuma ya pistoni. Imetoka nje.

Muuza kabichi alikuwa na namba ya fundi wa Mombo. Baada ya kama saa moja ikafika bodaboda, na nyuma yake mzee amekaa kimya, kiroba cha vyuma mgongoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Taa inawaka moja kwa moja, au kwenye kona?"

"Kwenye kona. Za kulia."

"Ilianza lini?"

"Leo. Tulipopita Soni."

"Mguu unashuka?"

"Unashuka."

"Na taa ya betri?"

"Haijawaka."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Kufikia hapo alikuwa hajagusa kitu, na alikuwa amekwisha kufuta nusu ya mambo yanayoweza kuiwasha taa ile. Swali la betri mwalimu aliliona la ajabu. Maana yake aliijua mwaka mmoja baadaye, kwa gharama. Kisha mzee akaweka mawe kwenye matairi, akaomba gari liwashwe, akakaa mwenyewe kwenye usukani, akakanyaga breki na kuishikilia, macho kwenye saa yake ya mkononi. Mguu wake uliendelea kuzama polepole, kama mtu anayekanyaga tope. Akazima. Hakusema kitu. Akalizunguka gari akichuchumaa kila tairi, akipitisha kiganja upande wa ndani, ule ambao mwenye gari haujui na muosha magari haufikii.

Tairi ya nyuma kushoto kiganja kikarudi na unyevu. Akaunusa, akausugua kati ya vidole, akamnyooshea mwalimu. "Hii siyo maji ya barabarani."

Kulikuwa na mchirizi mweusi ukishuka ndani ya rimu, na pale ulipopita rangi ya rimu ilikuwa imebabuka.

Dramu iligoma kutoka. Mwalimu alitarajia nyundo. Mzee akatafuta kwenye kiroba boliti mbili ndogo za nane, akazifunga kwenye matundu mawili yaliyo usoni mwa dramu, akazikaza kwa zamu, nusu mzunguko huku, nusu mzunguko kule, na dramu ikajisukuma yenyewe nje kama jino. Matundu hayo yaliwekwa kiwandani kwa kazi hiyo hiyo. Mwalimu alikuwa ameyaona miaka mingi na kudhani kuna boliti zilipotea.

Ndani palikuwa na uji mweusi, vumbi la breki lililokorogwa na oili. Breki shuu zimelowa. Mzee akachukua bisibisi nyembamba, akainua ukingo wa raba ya nje ya wili silinda, ile pampu ndogo inayozisukuma shuu, na oili ikatiririka hadi kwenye kifundo cha mkono wake. "Raba ya ndani imechanika," alisema. "Hii ilianza kuvuja zamani. Mlimani umekanyaga sana, ndiyo ikamaliza."

Akatumwa kijana wa bodaboda kuteremka Mombo kutafuta wili silinda na seti ya breki shuu. Mwalimu aliuliza kama zile za zamani haziwezi kufutwa kwa petroli na kurudishwa. Mzee alimtazama kwa muda, si kwa ubaya. "Shuu ikishakunywa oili haitapiki, mwalimu." Alijua vipi kwamba ni mwalimu? Mama alikuwa amekwisha kumweleza habari zote za ukoo.

Wakisubiri, mzee akakifungua kikopo na kuchovya kipande cha kijiti. Oili mpya ya DOT 3 ina rangi ya manjano iliyopauka. Hii ilikuwa kahawia, rangi ya chai ya mkandaa. Mzee alisema tu kwamba imechoka, ibadilishwe yote. Kwa nini inachoka ni jambo ambalo mwalimu aliweza, hatimaye, kulieleza yeye. Oili ya breki ya kawaida hufyonza unyevu wa hewa, mwaka hadi mwaka, kupitia vijitundu vya kifuniko na hata kupitia raba za mabomba. Kiwango cha Marekani, ambacho ndicho kilichozaa majina ya DOT, hudai DOT 3 ikiwa mpya isichemke kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishafyonza maji asilimia 3.7, hutakiwa ifike angalau 140. DOT 4 ni 230 na 155. Breki zinazoshikiliwa mfululizo kwenye mteremko mrefu hupata moto sana, na oili chakavu ikichemka huzaa mapovu. Kimiminika hakibonyei, povu linabonyea. Dereva anakanyaga, mguu unafika sakafuni, gari linaendelea. Ndiyo maana madereva wa Kitonga, wa Sekenke na wa barabara hii ya Lushoto hushuka kwa gia na kuiacha breki ipumzike, na ndiyo maana watengenezaji wengi hushauri oili ibadilishwe kila miaka miwili. Ya Corolla ile, kwa kadiri mwenyewe anavyokumbuka, ilikuwa haijawahi.

Mzee alisikiliza somo lote, akasema, "Sawa sawa," akaendelea kusugua bamba la dramu.

Spea zilifika jua limeshaanza kuegemea. Kufunga hakukuchukua muda. Kutoa upepo ndiko kulikochukua, na hapo ndipo mama alipopata kazi. Mwalimu alikaa kwenye usukani, mzee alilala chini na kimpira kilichochomekwa kwenye tundu la kutolea upepo, ncha ya pili ndani ya chupa ya maji yenye oili kidogo. Sauti yake kutoka chini ya gari haikusikika vizuri kwa sababu ya mabasi, kwa hiyo mama alisimama katikati na kuyapokeza maneno. "Pampu! ... Anasema pampu! ... Shika! ... Shika, usiachie! ... Haya, achia!" Mapovu yalitoka makubwa, kisha madogo, kisha oili safi tupu. Wakarudia magurudumu yote manne. Watoto waliokuwa wakirudi kutoka shule walikaa ukingoni wakatazama mpaka mwisho, na mmoja akawa anajibu "achia" kabla ya mama.

Lipo jambo moja la ile siku ambalo huwa halisemwi. Kama raba ile ingechanika yote pale kwenye kona, gari lisingepoteza breki zote. Mabomba ya breki za magari ya siku hizi yamegawanywa njia mbili zisizochangiana. Katika magari mengi yanayovutwa na matairi ya mbele, njia moja huhudumia mbele kulia na nyuma kushoto, ya pili huhudumia yaliyobaki. Hata kikopo cha oili kina ukuta ndani, ili upande mmoja ukivuja wote, mwingine ubaki na akiba yake. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Breki za oili zilipoingia kwenye magari, kama Duesenberg Model A ya mwaka 1921, bomba moja likipasuka breki zote ziliondoka. Mnamo 1968 sheria ya Marekani ikaanza kuyadai magari madogo mapya yawe na njia mbili, pamoja na taa nyekundu ya kumjulisha dereva kwamba njia moja imekufa. Taa ililetwa pamoja na njia mbili kwa sababu nusu ya breki inadanganya. Gari bado linasimama, polepole kidogo, kwa mguu mzito kidogo, na dereva anazoea.

Walifika Mombo usiku. Mama alikula mishkaki, akalala njia nzima hadi Dar.

Baada ya hapo mwalimu akawa mtaalamu, kwa maana ya mtu ambaye marafiki humpigia simu. Mara moja taa ikawaka mfululizo, kona na pasipo kona, kikopo kimejaa, magurudumu makavu. Mtoto alikuwa amemwaga juisi ya miwa kwenye hendibreki, swichi iliyo chini ya mkono ikanata. Alifunua kava, akachomoa kijiwaya chake kimoja, taa ikazima, akaisafisha, akakirudisha. Dakika kumi. Jambo hilo lilimpa kichwa.

Kwa hiyo mwalimu mwenzake aliposema kwamba taa ya breki ya Hilux yake ya dizeli, ya miaka ya 1990, haizimi, alikwenda Jumamosi asubuhi na begi la spana, mwenye uhakika. Akaikagua hendibreki. Akamulika kikopo: kimejaa. Akafungua tairi nne, moja baada ya nyingine, dramu na zote, kwa boliti za nane kama alivyofundishwa. Kila kitu kikavu. Mchana ukapita. Mwenye gari alitaja kwa mbali kwamba hata ile ya betri nayo inawaka, lakini hiyo, alisema, ni kitu kingine.

Fundi umeme aliyekuwa akipita kununua maji ndiye aliyesimama. "Zimewaka pamoja, siku moja?" Ziliwaka siku moja. Akachomeka mita kwenye betri, injini ikiwa inanguruma: volti 12.1. Altaneta inayofanya kazi ingetoa kama 14. Akaifungua. Kaboni zilikuwa zimeisha hadi kwenye waya.

Siri yake ni ndogo. Ukiwasha swichi kabla ya kupiga stata, taa za dashibodi huwaka zote ili uone kwamba balbu ni nzima. Katika Toyota nyingi za zamani balbu ya breki haikuwekewa njia yake yenyewe ya kujipima. Iliazimishwa waya wa altaneta, kupitia dayodi, pamoja na balbu ya betri. Injini ikiwaka na altaneta ikianza kuzalisha umeme, zote mbili huzima. Altaneta ikifa, zote mbili hurudi. Breki hazijui lolote kuhusu habari hiyo. Lile swali la mzee wa Mombo, "Na taa ya betri?", lilikuwa limeokoa Jumamosi nzima, ila Jumamosi yenyewe ilikuwa bado haijafika.

Mwalimu aliwahi kuwaza kumpigia mzee simu amwambie. Namba alikuwa nayo muuza kabichi.

Miaka miwili iliyopita dada yake alitaka gari la kwendea kazini, wakaenda yadi moja ya magari yaliyotumika. Dalali aliwapeleka kwenye Corolla nyeupe iliyooshwa mpaka matairi yanang'aa. "Dashibodi safi, dada yangu," alisema. "Washa, tazama. Haina taa hata moja."

Mwalimu alikaa kwenye usukani akawasha swichi bila kupiga stata. Taa ya oili ya injini ikawaka. Ya betri ikawaka. Ya injini ikawaka. Pale pa taa ya breki, duara lenye alama ya mshangao, palikuwa peusi. Akavuta hendibreki, ikalia mibofyo sita, saba, nane. Peusi. Akaishusha, akaivuta tena.

"Hiyo ni balbu tu, bosi," dalali akasema haraka. "Shilingi ngapi balbu?"

Mwalimu akainamisha kichwa kutazama fremu inayozunguka saa za dashibodi. Skrubu mbili za juu zilikuwa na mikwaruzo mipya ya bisibisi, chuma kikimetameta pale rangi ilipotoka. Akageuka kumwonyesha dada yake, lakini kiti cha pili kilikuwa kitupu. Alikuwa ameshashuka, na miwani ameipandisha kichwani, amechuchumaa nyuma upande wa kushoto, anapitisha kiganja ndani ya tairi. Mama alikuwa amemsimulia.